Kiumbe wa Bukini: hana kichwa, ana kesi

Wiki hii naomba tuweke kando kidogo mapenzi, mitindo na habari za nani kaonekana na nani. Nina kesi nyingine mkononi, na utamu wake hauna mfano. Mhusika alikufa miaka kama milioni 70 iliyopita. Urefu wake ulikuwa sentimita 70 hivi, ukihesabu na mkia. Kwa umbo mfikirie kunguru mkubwa mwenye mkia mrefu wa mifupa, halafu kwenye kila mguu umbandike kucha moja iliyopinda kama mundu. Mifupa yake ilipofukuliwa, kichwa hakikuwemo. Na hadi leo wataalamu wanavutana: ni ndege huyu, au ni dinosau?

Jina lake ni Rahonavis. Kwao ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Alipatikana mwaka 1995 karibu na kijiji cha Berivotra, upande wa mji wa bandari wa Mahajanga. Waliomfukua ni watafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha New York wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antananarivo. Miaka mitatu baadaye, Machi 1998, Catherine Forster na wenzake watatu wakamtangaza kwenye jarida la Science. Tangu hapo hakuna amani.

Najua unachotaka kusema. "Dinosau nawajua bwana, nimeiona Jurassic Park." Sawa. Sinema ile ilitoka mwaka 1993, na wengi wa rika langu tuliiangalia kwenye mabanda ya video, mmebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, mtu wa mbele kanyanyua kichwa anakuzibia. Unawakumbuka wale wakali wadogo waliokuwa wanafungua milango ya jikoni na kuwawinda watoto? Wale waliitwa Velociraptor. Walikuwa na ngozi tupu kama mijusi, na kimo cha mtu mzima.

Basi picha hiyo ifute kichwani. Velociraptor wa kweli hakumzidi sana bata mzinga. Na mwaka 2007 watafiti walichapisha habari za mfupa wake wa mkono uliotoka Mongolia. Juu ya mfupa ule walikuta vinundu sita vidogo vimejipanga mstari mmoja. Kila kinundu ni mahali unyoya mkubwa uliposhikilia. Yule jambazi wa kwenye video, msomaji wangu, alikuwa na manyoya.

UNGEJUAJE NA HUKUWEPO?

Habari hii niliimwaga kijiweni jioni moja, pale kwa jamaa yetu wa chipsi. Nikawaambia kwamba ndege wote tunaowaona, kuanzia kunguru wa jalalani hadi kuku wa kienyeji, ni ukoo wa dinosau. Vicheko vikaanza. Jamaa wa chipsi akashika kijiko chake cha kugeuzia, akaniangalia.

"Kwa hiyo kaka, mimi hapa nauza chipsi dinosau?"

Nikamwambia ndiyo, tena robo kwa bei nzuri. Watu wakazidi kucheka, lakini mwenyewe hakucheka.

"Hebu ngoja," akasema. "Kichwa hakipo. Ngozi haipo. Manyoya yenyewe nayo unasema yameshaoza. Sasa nyie mmejuaje? Mlikuwepo?"

Hilo ndilo swali la kuuliza. Hapa mjini tumezoea kuhukumu kwa vipande. Mtu kaona gari limepaki nje ya nyumba fulani, keshamaliza stori nzima: nani kafuata nini, na ndoa ya nani inavunjika. Vipande vichache, maneno mengi. Kwa hiyo mtu akija na mifupa michache bila kichwa, akasema huyu alikuwa na mabawa, una haki ya kumwambia aoneshe ushahidi. Jamaa wa chipsi alistahili jibu, na wewe pia unastahili.

Jibu liko kwenye vile vinundu. Bawa la ndege lina manyoya makubwa ya kurukia, na manyoya hayo hubeba mzigo mzito kila bawa linapopiga hewa. Yakiwa yameshika kwenye ngozi peke yake yangechomoka. Kwa hiyo kwa ndege wengi yamefungwa kwa mishipa migumu mpaka kwenye mfupa wa mkono, ule ulio kati ya kiwiko na kifundo. Pale mshipa unaposhika, mfupa unaota kinundu. Vinundu vinajipanga kwa mstari, kimoja kwa kila unyoya.

Fikiria chumba cha kupanga. Mpangaji kahama, kaondoka na picha zake zote. Wewe unaingia, unakuta ukuta mtupu, lakini misumari ipo, imepangwa sawasawa kwa kimo kimoja. Utahitaji kuambiwa kwamba hapo kulikuwa na picha? Hujui zilikuwa picha za nani, lakini kwamba zilikuwepo hilo halina ubishi.

Rahonavis misumari yake ipo. Mfupa wake wa mkono una vinundu hivyo. Manyoya yameoza zamani, ila alama ya pale yaliposhika imegeuka jiwe na kutungoja muda wote huo. Ukikosa vinundu huwezi kusema mnyama hakuwa na manyoya, maana hata ndege wa leo wapo ambao vinundu vyao havionekani. Lakini ukivikuta, maneno yamekwisha.

MKONO WA HUYU, MGUU WA YULE

Sasa kasheshe inaanzia hapa. Ukitazama mkono, unasema ndege huyo. Ukishuka chini kwenye mguu, mambo yanageuka. Kidole chake cha pili kina kucha kubwa iliyopinda, na kidole chenyewe kilikaa kimenyanyuliwa ili kucha isisugue ardhi ikapoteza makali. Hiyo ni alama ya ukoo wa Velociraptor, na kila aliyeiona sinema anaikumbuka kucha ile. Mkia nao ni mrefu na wa mifupa, tofauti na ndege wa leo ambao mfupa wa mkia wao umebaki kipande kifupi tu.

Mkono wa ndege, mguu wa dinosau. Hapo lazima mtu aulize: jamani, hawa si wawili? Kiwiliwili, miguu na sehemu ya mkia vilikutwa vimeungana bado, lakini mifupa ya mkono na bega haikuwa imeungana na mingine. Tena mahali hapohapo pa kuchimbia kulishapatikana mifupa ya ndege mwingine wa kale, aliyetangazwa mwaka 1996 kwa jina la Vorona, neno ambalo kwa Kimalagasi ni "ndege" tu. Je, kama mkono ni wa jamaa mwingine kabisa, ukasombwa na maji ukaja kulala pembeni ya dinosau?

Wasiwasi huo haukuwa wa bure, maana kupigwa changa la macho kulitokea kweli, tena mbele ya dunia nzima. Novemba 1999 jarida la National Geographic lilitangaza kiumbe kutoka China kwa jina la Archaeoraptor, kwamba ndiye kiungo kati ya dinosau na ndege. Mwamba ule ulikuwa umenunuliwa Marekani kwa dola 80,000. Mtaalamu wa Kichina, Xu Xing, akarudi kwao na kukuta mkia uleule kwenye mwamba mwingine, umekaa kwenye mwili wa dinosau mdogo. Kumbe wauzaji walikuwa wamechukua mwili wa ndege na mkia wa dinosau, wakagundisha kwa gundi ili mzigo upate bei. Mwaka 2000 ikabidi jarida likiri. Feki!

Sasa sikiliza tofauti, maana ndipo kesi yetu inaposimama. Archaeoraptor alipitia mikononi mwa wachuuzi. Aliyemchimba hakujulikana, na hakuna aliyeandika kila kipande kilitoka wapi. Rahonavis alichimbwa na watafiti wenyewe, kwa brashi na sindano, huku mahali pa kila mfupa pakiandikwa. Na mifupa yote ilikuwa imelala kwenye eneo dogo kuliko karatasi ya kuandikia barua. Chukua karatasi, iweke mezani, ujiulize: uwezekano wa mkono wa mnyama mwingine, wenye ukubwa unaolingana, kuja kudondokea juu ya karatasi hiyohiyo ni kiasi gani? Upo, lakini ni mdogo. Watafiti wengi walioichunguza kesi hii baadaye wamekubali kwamba mkono ni wa kwake.

Hilo ndilo nililotaka rafiki zangu wa kijiweni walichukue. Archaeoraptor alikuwa na kila kitu, kichwa mpaka mkia, na alikuwa uongo. Rahonavis kakosa kichwa, na tunaweza kumwamini. Cha kupima ni je, kila kipande kilichopo unajua kilikotoka?

NDEGE AU DINOSAU?

Waliomtangaza mwaka 1998 walimwita ndege, ndege wa kale sana. Mwaka 2005 akatangazwa jamaa mwingine mdogo kutoka Argentina, Buitreraptor. Watafiti walipowalinganisha wakasema: huyu wa Madagaska si ndege, huyu ni wa ukoo mmoja na hawa wa Amerika ya Kusini, ambao ni ndugu zake Velociraptor. Rahonavis akahamishwa. Baadaye wengine wakaja na hesabu zao, wakamrudisha kwa ndege. Anahamishwa kama mpangaji asiyelipa kodi kwa wakati.

Utasema, sasa mimi inanihusu nini anakolala? Inahusu hivi. Kama ni ndege, basi tunajua kwamba ndege wa mwanzo waliingia angani wakiwa bado na silaha ya babu zao miguuni. Kama ni ndugu yake Velociraptor, na mkono ule mrefu wenye nguvu ulikuwa wa kurukia kama baadhi wanavyoamini, basi kuruka huenda kulianza mara mbili, kwa koo mbili tofauti, kila mmoja kivyake. Jambo kubwa kama hilo linaning'inia kwenye mifupa inayoenea juu ya karatasi moja.

Na ukiniuliza mimi, ugumu huu wa kumpanga wenyewe ni ushahidi. Kama ndege wangekuwa wametokea peke yao bila uhusiano na dinosau, tungepata ndege halisi huku na dinosau halisi kule, na katikati patupu. Badala yake kila wanapochimba wanakuta hawa wa katikati, ambao huwezi kusema ni wa upande gani bila ugomvi. Mpaka tumeuchora sisi. Wao walikuwa wanaishi tu.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1861, miaka miwili baada ya Darwin kutoa kitabu chake, Ujerumani walipata Archaeopteryx, mwenye mabawa ya manyoya, meno mdomoni na mkia mrefu wa mifupa. Halafu stori ikapoa kwa muda mrefu. Aliyeiwasha upya ni Mmarekani John Ostrom wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1964 alipata mifupa ya Deinonychus, mwenye kucha ya mundu, na ndiye huyo hasa aliyetumika kama mfano wa wale wakali wa kwenye sinema. Ostrom alipolinganisha mikono yao na ile ya Archaeopteryx aliona kifundo kimoja, vidole vilevile. Akasema wazi miaka ya 1970 kwamba ndege wametoka kwa dinosau. Wengi walimpinga. Mwaka 1996 China wakatangaza Sinosauropteryx, dinosau mdogo ambaye alama za manyoya laini mwilini zinaonekana kabisa kwenye jiwe. Ostrom alifariki mwaka 2005, lakini aliishi kuona maneno yake yakikubaliwa. Jina kamili la jamaa yetu ni Rahonavis ostromi, kwa heshima ya mzee huyo.

JINA NALO LILIKUWA NA MWENYEWE

Hata jina lilimletea matatizo. Mwanzoni aliitwa Rahona, neno la Kimalagasi lenye maana ya wingu, na pia tishio. Zuri sana, tishio la mawinguni. Kumbe jina lilikuwa limeshachukuliwa, tena na nondo! Sizungumzii nondo za kujengea ghorofa, nazungumzia wale wadudu wanaozunguka taa usiku. Kanuni za sayansi haziruhusu wanyama wawili watumie jina moja la namna hiyo, na nondo alitangulia kujiandikisha. Mwaka huohuo wa 1998 ikabidi aongezewe neno la Kilatini la ndege, "avis", na ndiyo maana leo anaitwa Rahonavis.

Na majirani zake, usiombe. Bwana mkubwa wa mtaa alikuwa Majungasaurus, mla nyama wa mita kadhaa. Mwaka 2003 watafiti walionesha mifupa yake ikiwa na alama za meno zinazolingana na meno yake mwenyewe. Maana yake walikuwa wanalana. Alikuwepo pia chura mkubwa wa ajabu, Beelzebufo, aliyetangazwa mwaka 2008. Na alikuwepo Masiakasaurus knopfleri, dinosau mdogo mwenye meno ya mbele yaliyochomoza nje. Hilo "knopfleri" ni la Mark Knopfler, mpiga gitaa wa Dire Straits. Wachimbaji walikuwa wanapiga muziki wake kazini, na wakaona ukilia ndipo mifupa inapopatikana, basi mwaka 2001 wakamlipa kwa jina.

Tukiwa kwenye majina, na sisi tumo. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupeleka shehena ya mifupa ya dinosau Berlin. Kazi ya jasho ilifanywa na watu wa kwetu, na mmoja wa wasimamizi wakuu alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa miaka mingi jina lake lilikaa kwenye maandishi ya zamani tu. Mwaka 2007 dinosau mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Huyo naye anajulikana kwa vipande, mifupa ya shingo tu. Hana manyoya na hana udogo, lakini anatukumbusha kwamba kila kipande kilichoko makumbusho kuna mkono wa mtu uliokitoa ardhini.

Berivotra nako watu hawakusahauliwa. Kiongozi wa msafara, David Krause, alianzisha mwaka 1998 mfuko unaoitwa Madagascar Ankizy Fund. "Ankizy" ni watoto. Mfuko huo umejenga shule huko vijijini. Kiumbe wa ukubwa wa kunguru, kakosa hata fuvu, lakini kwa namna fulani kawatafutia watoto madawati.

Nimalizie na la mezani. Wamalagasi kuku wanamwita akoho, na kanga wanamwita akanga. Umesikia hilo neno la pili? Wataalamu wa lugha wanasema majina hayo yalivuka bahari kutoka upande wetu, pamoja na ndege wenyewe. Kwa hiyo watu wa huku ndio waliowapelekea Wamalagasi dinosau wapya, makumi ya mamilioni ya miaka baada ya wale wa zamani kwisha.

Ukipata kuku safari nyingine, usikimbilie paja. Chukua bawa, litafune taratibu, uutazame ule mkono wenye mifupa miwili iliyolala pamoja. Mnene kati ya hiyo miwili ndio uliobeba manyoya. Kisha tafuta kifuani kile kifupa chembamba chenye umbo la herufi V. Hicho hata Tyrannosaurus alikuwa nacho. Ukitaka kubisha baada ya hapo, bisha, ila mfupa uwe mkononi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.